Nukta na Mkwaju

Helju, mshona vitabu mstaafu wa Tartu,
theluji imefika kizingiti cha dirisha,
ameandika skripti yake ya kwanza:
mistari mitatu ya kuhesabu picha za marehemu Ülo.
Akaipa ruhusa. Akaibatiza *test*.

Akaita. Kimya.
Akaita tena. Kimya, hata kosa hakuna.

Rasmus wa ghorofa ya chini akainama:
"Anayekuja si wako, bibi.
Mashine ina *test* yake ya kale, bubu,
ndiye anayetangulia mlangoni.
Weka nukta, maana yake *hapa*,
kisha mkwaju, kisha jina."

*Hapa*, akabonyeza kwa kidole kimoja.
Mia nne na kumi na mbili.
Akakaa.

Kabla ya kuzima taa alilifuta jina lile.
Nani humwita mwanawe Jaribio?