Kitukuu wa Araminta

Araminta Goodspeed alirithi kiwanda ukingoni mwa Merrimack,
madirisha mia mbili, na kikohozi cha wasichana
waliofuma merikani kwa taa za mafuta ya nyangumi.
Yeye uzi hakuugusa. Alicheza piano,
alizika waume wawili, akamshtaki nduguye
kwa ajili ya kijiko cha fedha:
kesi miaka kumi na mmoja,
mawakili wakanenepa.

Wanawe wakakomba masazo. Farasi, kamari, Paris.

Mimi nimeangukiwa na kijiko.
Na chumba cha kupanga, ghorofa ya tatu,
kiwandani humo humo, kodi kila mwisho wa mwezi.
Wageni husifu mwanga wa madirisha.
Nikifagia, nyufa za sakafu
bado zinatema pamba,
nami nakohoa.