Kikombe Chenye Pengo

Mvua ya Valdivia haina haraka.
Ilianza Jumanne, leo Ijumaa,
bado inayahesabu mabati, bati moja moja,
kama karani asiyemwamini mwenzake.

Nimekoka moto wa kuni za mwaloni.
Mayai sita mezani, moja lina unyoya.
Maziwa, sukari, kijiti cha mdalasini,
na karatasi ya Mama, imelainika kama leso ya mgonjwa:
*Maziwa ya kuchoma. Maziwa vikombe vinne.
Sukari kikombe, na huruma kidogo.
Moto: mpaka uso uungue, usiungue.*

Uungue, usiungue!
Nina miaka sitini na mmoja, nimejenga madaraja manne,
hesabu hii inanishinda.

Lakini kubwa ni kikombe.
Kile cha kauri, cha buluu, chenye pengo mdomoni.
Kiko Osorno, kabatini mwa dada yangu Eduvina,
naye yuko ng'ambo ya miaka tisa,
tangu tulipoiuza nyumba, tukagawana viti,
tukakosana kwa kiti cha saba.

Nikapiga.
Ikalia mara tano.
"Nani?" akauliza, naye anajua ni nani.
"Kile kikombe," nikasema bila salamu,
kama mtu aombaye chumvi juu ya ua,
"kinachukua kiasi gani?"

Kimya.
Mlango wa kabati. Bomba.
Nikayasikia maji yakijaa,
sauti yake ikipanda, ikikonda, ikikoma.
"Mia mbili na sabini. Lakini usijaze, Nolberto.
Mama aliishia chini ya pengo. Umesahau?"

Sikusahau. Sikuwahi kujua.
Mimi nilikuwa mtoto wa kulamba mwiko;
yeye ndiye aliyesimama pembeni, akitazama.

Sukari ikayeyuka, ikashika rangi ya viatu vya shule.
"Sasa unafanya nini?"
"Natia maziwa kwenye mayai."
"Ya moto?"
"Vuguvugu."
"Polepole basi, yasije yakaiva kabla ya siku yake."
Nikamimina. Mkono ukatetemeka.
Yakimwagika hayazoleki, ndivyo tusemavyo juu ya maji;
maziwa niliyafuta kwa mkono wa sweta
na sikumwambia.

Nikafungua tanuri.
Mlango ule hulia kama bata aliyekanyagwa.
Akausikia.
"Lile jiko," akasema. "Ulilichukua wewe."

Nikangoja lawama.
Majibu yake ninayo tangu mwaka ule,
nimeyapiga pasi, nimeyakunja, yako rafuni.
"Linachoma zaidi upande wa kushoto," akasema.
"Nusu saa ikifika, geuza bakuli."

Nusu saa!
Sisi hatukuwa na maneno ya nusu saa.
Tukaanza na mvua, yake na yangu.
Goti lake. Bei ya gesi.
Mbwa wa jirani aliyemeza soksi ya padri.
Na ule utando wa juu, wenye madoa meusi,
tuliougombania mpaka Mama akawa anaupima kwa uzi
kabla ya kuukata, asije mtu akalia.
"Wewe ulilia hata hivyo," akasema.
"Nililia kwa sababu uzi ulivutika upande wako."

Kisha, kama anayetaja bei ya vitunguu:
"Kile kiti cha saba kililiwa na mchwa.
Nilikitia motoni Julai."
Nikanyamaza.
Yeye ndiye aliyeanza kucheka.

Nimeligeuza bakuli. Nimechungulia mara tatu,
jambo ambalo Mama alilikataza.
Nyumba nzima inanuka mdalasini na Jumapili.
Uso umeungua; haukuungua.

Simu iko mezani, kando ya bakuli, haijakatwa.
Mvua ya Osorno inanyesha ndani yake.
"Iache ipoe," ananiambia,
"na utafute uzi."