Mtambaapanya wa Inchi Mbili

Kwanza niseme ukweli: bomba la nyumbani kwake lilikuwa linavuja.
Tone, kimya, tone, kwenye kopo la rangi chini ya karo,
na Mama Ainea kamnunia tangu Kwaresima.
"Nitalishika Jumamosi," anasema,
na Jumamosi ikifika yuko Pasua, kiwanjani,
filimbi mdomoni, ovaroli imekunjwa hadi magotini,
anatuhesabu kama mtu anayehesabu viungio dukani:
kumi na mmoja, kumi na wawili,
na huyu binti je?

Huyu binti nilikuwa mimi.
Nilikuja kuuza maandazi.
Akanunua yote kumi na manne, akawagawia,
akanitua beseni, akanivika glavu zake za kazi
zinazonuka grisi na kutu, vidole vimenizidi.
"Simama pale. Usiogope mpira.
Mpira ni maji, mwanangu,
hauna ubaya na mtu, unatafuta upenyo tu.
Wewe kazi yako ni upenyo."

Goli lenyewe aliliunga kwa mikono yake:
mabomba ya chuma, inchi mbili, masalia ya kazi,
kona zake elbo, kila ncha kaizungushia katani
na rangi nyekundu,
kana kwamba iko siku maji yangepita humo.
Tulimcheka. "Fundi, goli halivuji!"
"Goli," akajibu, "ndilo linalovuja kuliko vyote."

Kundaeli Temba.
Soweto, Bondeni, Kiboriloni, walimpigia saa nane za usiku
magodoro yakielea,
naye akaja kwa baiskeli, spana kaifunga kwa mpira wa tairi.
Nisimpake asali: alikuwa mkali.
Ndelwa alimtoa dakika ya tatu kwa kumtukana mwamuzi,
akamkalisha chini hadi giza,
kisha akamsindikiza kwao kwa miguu
maana kule relini kulikuwa na mbwa.

Na fainali ya kata tulifungwa sita.
Sita! Hakusema neno.
Alitupeleka Njoro, kwenye chemchemi, tukanawe miguu.
Nilimngoja aseme jambo, la kutuponya au la kutuchapa.
Aliinama tu, akachota, akajimwagia usoni,
akachota tena, tena,
mpaka nikaacha kumtazama.

Alhamisi tumempandisha Uru
kwa lori la matofali, tarumbeta za usharika nyuma,
matope ya masika yameng'ang'ania magurudumu nasi tunasukuma,
kumi na mmoja, kumi na wawili,
wengine wana vitambi, mmoja askari, mmoja wakala wa simu,
Ndelwa analia kwa sauti, mtu mzima, kamasi na yote.
Hatua tano kutoka kaburini mfongo unapita.
Waliuziba kwa gogo la mgomba udongo usilowe.
Mahubiri sikuyasikia.
Nilikuwa natazama maji
yakijaa nyuma ya mgomba, yakipanda, yakigeuka,
yakipapasa.

Daftari lake lina madeni ya watu
aliyoyapiga mstari bila kulipwa,
na ukurasa wa mwisho, namba za viatu vyetu.
Changu: thelathini na saba.
Siku ya tatu ya matanga Ndelwa alikuja na spana
afunge lile bomba chini ya karo.
Mama Ainea akamnyang'anya.
"Liache," akasema. "Si alisema Jumamosi?"

Jana nimekwenda Pasua na mwanangu.
Wavu uliibwa zamani, majani yamefika kiunoni,
kutu imekula rangi. Elbo zimeshika.
Akaokota jiwe, akarusha, likagonga mtambaapanya,
ukalia,
mlio mrefu unaotembea ndani ya bomba tupu
kona hadi kona, kisha ukashuka ardhini.
"Mama, humo mna maji?"

Niliweka sikio.