Daftari la Vipimo

Ninashona Amalemba, hapa Kakamega,
kibanda cha pili kutoka kwa fundi saa.
Daftari langu lina miaka kumi na tisa:
jina, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono.
Sijawahi kuandika kingine humo.
Lakini juzi stima ilipopotea mchana kutwa
nililifungua toka mwanzo,
nikalisoma kama barua.

Mwalimu Lutomia, suti ya harusi:
kiuno inchi thelathini na moja.
Mwalimu Lutomia, suti ya kupandishwa cheo:
thelathini na saba.
Alipata gari mwaka ule,
na miguu iliyopanda kilima cha Shinyalu kila alfajiri
ikajifunza kukanyaga mafuta tu.
Arubaini na mbili.
Arubaini na nne, "na uniachie nafasi, fundi, Krismasi hiyo."
Tukacheka. Nikamwachia.
Ndiyo kazi yangu, kuwaachia watu nafasi.

Suti ya mwisho hakuja kupimwa.
Mkewe, Khasoa, aliileta ile ya zamani
akanong'ona niifumue mgongoni,
maana mgongo hautaonekana.
Nikafumua.
Matangani walisema ni mkono wa mtu.
Walisema kijicho cha walimu wenzake.
Wote walikubaliana kwamba alikwenda ghafla.
Daftari halikusema ghafla.
Lilisema miaka kumi na minne.

Muuguzi Minayo alikuja kushonesha sare,
akaitazama tepu iliyoning'inia shingoni mwangu.
"Umevaa chombo cha hospitali na hujui," akasema,
akanizungusha nayo.
Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumpima fundi.
Nambari hakuitamka, alinionyesha tu
kidole chake kilipokomea.
Mama alikufa na nini?
Alianguka jikoni.
Na baba?
Alilala, hakuamka.
Na chumvi?
Kidogo.
Kidogo ya kijiko au ya mkono?

Ya mkono, Minayo.
Na nyingine mezani, kabla sijaonja.

Jumatano nikaenda kliniki.
Kile kitambaa cheusi kikanikaba
kama mkono wa shati la mtoto.
Mia moja sitini na mbili kwa mia.
Kichwa hakiumi? Hakiumi.
Kizunguzungu? Sina.
Nilitaka kubisha kwamba mashine ni mbovu,
kisha nikakumbuka mshono unaoachia kwa ndani:
nje nguo inang'aa, pasi imenyooka,
hadi siku mwenyewe ainamapo kufunga kamba ya kiatu.

Sasa nameza kidonge kimoja kila asubuhi,
hata siku ninayojisikia mzima,
hasa siku hiyo.
Kutoka Lurambi naja kwa miguu;
bodaboda wananiita kwa jina, nawapungia tu.
Omena naitia ndimu pale mkono ulipozoea chumvi.
Chapati za Jumapili zimenishinda kuacha,
zilikuwa nne, zimebaki mbili,
na ile ya pili naila nikiwa na hasira.

Kiuno cha mteja sasa nakitaja kwa sauti.
Bwana Ambetsa alinuna, akachukua kitambaa chake,
yuko kwa fundi mwingine huko karibu na stendi.
Lakini Mama Shisia alirudi baada ya wiki,
si kwa gauni,
akauliza kliniki ni siku gani
na kama mtu anaweza kwenda na mume mbishi.

Daftarini nimechora mstari mpya kwa kalamu nyekundu,
pembeni mwa kiuno: presha.
Jina la kwanza ni langu.
Tangu Machi nimepungua inchi moja.
Ya pili inabishana nami.

Jana mpwa wa Mwalimu Lutomia alikuja,
ana miaka ishirini na sita na kicheko kilekile.
"Uniachie nafasi, fundi."
Nikachukua chaki,
nikapiga mstari pale mwili wake ulipoishia,
nikakata.