Jina la Picha

Ukumbi wa chama cha msingi, hapa Masasi,
una ngazi tatu mlangoni.
Likwachala alibebwa.
Baiskeli yake ya magurudumu matatu ilibaki nje
ikila vumbi la salfa.
"Andika hilo kwanza, katibu," aliniambia akiwa hewani,
mikononi mwa vijana wawili.
"Tumeitwa kujifunza milango."

Katibu ni mimi.
Tovuti ya chama chetu cha Newala niliijenga mimi,
usiku, kwa bando la kukopa,
na nilikuja kifua mbele:
maua ya mkorosho yanaelea juu,
maandishi ya kijivu juu ya kijivu kingine,
tangazo la bima ya afya nimelipiga picha
linang'aa kama bati jipya.

Mwalimu Fakihi Namkulya hakuliona bati.
Macho yake yaliondoka na surua, kwao Mangaka,
kabla hajaijua rangi ya mhogo.
"Funikeni vioo," alisema.
Kanga zikashuka mabegani,
kompyuta kumi na moja zikafunikwa kama maandazi.
"Haya. Kila mtu aende kwake kwa masikio."

Nikaenda kwangu.
Sauti ya mashine, inayoitamka Newala
kama jina la dawa,
ikanisomea kazi ya miezi mitatu:
Picha.
Picha.
Kitufe.
Picha.
Bofya hapa.
Bofya hapa.
"Hapa wapi?" akauliza Bi Somoe,
mwenyekiti wangu, ubavuni pangu.
Nikakimbilia tangazo la bima.
Picha, ikasema mashine,
ikapita.

Kujiandikisha kulikuwa kumefungwa Jumatatu iliyotangulia.
Somoe hakusema neno.
Aliikunja fimbo yake pingili kwa pingili,
akaikunjua,
akaikunja tena.

"Kanga isiyo na jina ni kitambaa," alisema Fakihi.
"Picha nazo zipeni majina."

Tulianza na ya Somoe mwenyewe.
Niliandika: Mlemavu akiwa na fimbo nyeupe.
Mashine ikasoma mbele za watu.
"Huyo nani?" akauliza Somoe. "Hana kwao?"
Nikafuta.
Mama wa Newala akipokea msaada.
"Msaada upi? Fimbo ile nimeinunua kwa korosho zangu,
daraja la kwanza,
kalale ukijua."
Nikafuta tena, jasho likinitoka puani.

Ndipo Mfaume, kiziwi wa Tandahimba,
akagonga meza kwa kiganja,
akaelekeza kidole kwenye kioo, kisha menoni mwake.
Mkalimani akamtafsiri:
"Anashangaa. Mbona hamsemi kwamba anacheka?"

Nikaandika, polepole safari hii:
Somoe Chilumba, kilemba cha kijani,
amesimama nje ya ghala la Kitangari,
kichwa amekitupa nyuma, anacheka.
Mwanya kati ya meno ya mbele.

Mashine ikasoma.
"Rudia," alisema Somoe.
Ikasoma.
"Rudia."
Aliupitisha ulimi menoni,
kama mtu anayehakikisha chenji.
"Nilikuwa nacheka? Siku ile?
Miaka yote najua nilinuna."

Jioni tukapeana namba na anwani,
Ruangwa kwa Nanyumbu, Nachingwea kwa Tandahimba.
Fakihi alisema mtandao ni wa kutanda,
na kilichokunjwa kabatini hakijatanda bado.
Somoe akaagiza, bila kunigeukia,
kwamba barua za chama zisomeke kuanzia kesho;
"kesho ya alfajiri, katibu, si ya mchana."

Likwachala akabebwa tena kuteremka.
Mfaume alishatangulia nje,
akainua simu, akazipiga picha ngazi.
Jina lake tuliliandika sote, hapohapo,
tumeizunguka baiskeli yenye vumbi,
kisha tukaituma kwa kila chama
na kwa mwenye ukumbi:

Ngazi tatu.
Hakuna njia nyingine.