Muhuri wa Kasprick

Muhuri wa kwanza tuliukwangua kwa wembe,
nyundo na bikari zikageuka vumbi juu ya meza,
likabaki duara tupu na jina la wilaya.
Ndio huo aliougonga Gernot Kasprick, daktari wa ng'ombe,
siku aliyoapishwa, Juni ya mwaka wa tisini,
buti zake bado zanuka zizi.
Mimi nilimpigia chapa
miaka ishirini na miwili, nakala tatu tatu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tulisema,
na wageni wakaja kutoka Magharibi na mikoba ya ngozi,
wakakinunua kiwanda cha vioo kwa marki moja.
Moja. Niliikagua mara mbili nikidhani nimekosea.
Kasprick akatia saini.
Tanuri lililowaka tangu enzi za babu yangu
likazimwa Jumanne, saa nane mchana,
wanawake mia nne wakatoka getini,
kila mmoja na bilauri yake kwapani.

Tukamchagua tena. Ndiyo, na tena.
Alimjua kila mtu, na kila ng'ombe aliyemzalisha;
matangani alikaa hadi keki ikaisha.
Tulipata lami, tulipata taa za barabarani,
tulipata bwawa la kuogelea la mamilioni, buluu tupu.
Watoto ndio tuliowakosa.
Walikwisha panda treni kwenda Stuttgart,
binti yake Silke miongoni mwao,
kisha treni yenyewe ikafutwa.

Barua ngumu kuliko zote ilikuwa na mistari minne:
kuifunga shule aliyojifunzia kusoma.
"Roswitha, andika 'kwa masikitiko'."
Nikaandika. Akalikata neno. Akalirudisha.
Nje walikuwa wakigonga sufuria.

Wako wasemao alituuza.
Mimi nimeliona daftari lake,
majina ya wanawake wa tanurini, ukurasa baada ya ukurasa,
na kando, kwa penseli:
kapata kazi, hajapata, hajapata,
kahama,
hajapata.

Alishindwa kwa kura mia na sita
na kijana aliyeahidi kila kitu kirudi kama zamani,
zamani ipi, hakusema.
Muhuri ninao mimi, kwenye droo ya vitambaa.

Mbwamwitu wamerudi msituni, wanakatiza penye reli.
Na usiku, ndama akikwama,
wakulima bado humpigia simu yule mzee, hata waliomzomea.
Huenda.
Hukunja shati, huingiza mkono hadi begani,
hunyamaza kidogo, kana kwamba anasikiliza,
kisha huvuta.