Watu Wawili, Donge Moja

Ulimi hauna mfupa, hilo nalijua,
lakini kinamasi hiki kilikula mifupa yote
kikabakisha mate.

Donge jeusi, si kubwa kuliko punje ya kunde:
ulimbo wa mti wa gome jeupe,
ukachomwa, ukatafunwa, ukatemwa
kabla Tartu haijawa mji, kabla neno mji halijawa neno.
Alama za magego zingalimo, wazi
kama kidole kwenye unga uliokandwa.

Nimevaa glavu mbili mbili, barakoa, ovaroli;
meza nimezisugua kwa klorini hadi pua inawasha.
Humu pumzi yangu ndiyo adui.
Chembe moja tu ya mate yangu, na huyo wa kale
angejibu kwa sauti yangu.

Mashine ikasoma usiku kucha, herufi nne tu,
ikizirudia kama mtoto wa chekechea.
Asubuhi: samaki wa mtoni. Njugu za porini.
Vijidudu vya fizi (jino lilimuuma, maskini,
pengine ulimbo ndio uliokuwa dawa).
Maziwa yangemsokota tumbo.

Kisha hili: si mtu mmoja. Wawili.
“Uchafu,” akasema Maarika, mkuu wetu. “Rudia.”
Nikarudia. Mara tatu. Ncha za nyuzi zimechakaa
sawasawa kwa wote wawili, uchakavu wa maelfu ya miaka.
Wanawake. Si mama na mwana, si dada.
Hata binamu, hapana.

Nikakaa koridoni, glavu bado mkononi.

Mwaka ule wa foleni za sabuni
basi la watalii lilisimama mbele ya shule,
mtu akarusha chingamu moja dirishani.
Heljo aliidaka. Tuliitafuna wiki nzima,
usiku tukiibandika kwenye fremu ya dirisha,
leo kwao, kesho kwetu,
hadi ikawa kokoto, bila ladha ila ya vinywa vyetu.
Mama angejua, angenichapa.
Heljo yuko Kanada. Au alikuwa.

Kwenye ripoti nimeandika:
watu wawili, wa kike, wasio na undugu.
Kisanduku cha maelezo nimekiacha wazi,
kwa kuwa hakuna herufi, kati ya zile nne,
ya kuandikia: shika,
bado ina utamu.